Ahadi ni Deni? Mdomo, Karatasi au Hati Rasmi Mbele ya Sheria ya Uingereza

Waswahili tumelelewa na misemo miwili ambayo hakimu wa Uingereza haipokei kwa uso mmoja. "Mali bila daftari hupotea bila habari" angeupigia makofi. "Ahadi ni deni" angeutazama kidogo, avue miwani, kisha akuulize: na wewe ulitoa nini hata ukaahidiwa?

Mtu ana pauni 6,000 na anataka kumkopesha shemeji yake. Mwingine amepata fundi wa kumtengenezea jiko Leicester. Wa tatu anataka kumsamehe rafiki nusu ya deni ili mambo yaishe. Wote wanajiuliza jambo moja: tumalizane kwa mdomo, tuandikiane, au twende kwenye ile karatasi nzito inayosainiwa mbele ya shahidi, ambayo kwenye nyaraka za Kiingereza utaiona imeandikwa "Deed"? Hiyo ya tatu nitaiita hati rasmi. Njia zote tatu zinaweza kukufunga. Kinachozitofautisha ni namna ya kulijibu swali la yule hakimu.

Kabla ya kuanza, tuelewane mipaka. Ninaposema sheria ya Uingereza nina maana ya England na Wales. Scotland ina sheria yake, na huko mkataba hauhitaji kila upande utoe kitu. Msomaji wa Kenya atajikuta nyumbani, maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema wazi kwamba kanuni za Kiingereza za mikataba ndizo zinazotumika nchini humo, pamoja na marekebisho yake. Tanzania Bara ina Sura ya 345, iliyochukuliwa kutoka sheria ya India ya 1872. Mengi yatafanana, lakini usiyabebe haya mazimamazima hadi Kariakoo.

Nini hasa kinafunga?

Wengi huamini kinachofunga ni saini. Sivyo. Mkataba wa kawaida husimama kwa mambo matano: mmoja apendekeze, mwingine akubali pendekezo lile lile, kila upande utoe kitu, wote wawe na nia ya kufungana kisheria, na masharti yawe wazi kiasi kwamba mahakama inaweza kujua nani anadaiwa nini. Ongeza kwamba wahusika wawe na uwezo wa kuingia mkataba (aliye chini ya miaka 18 hulindwa sana), asiwepo aliyelazimishwa, na jambo lenyewe liwe halali.

Kukubali kuna mtego wake, na sisi tuliozoea kupatana bei tunaukanyaga kila siku. Katika kesi ya Hyde na Wrench ya 1840, mwenye shamba alitaka pauni 1,000. Mnunuzi akasema 950. Mwenye shamba akakataa. Mnunuzi akarudi akasema basi, natoa 1,000 yako. Mahakama ikasema amechelewa: aliposhusha bei aliliua pendekezo la kwanza, na lililokufa halikubaliki tena. Kwa hiyo ukimwambia mtu "punguza kidogo", jua kwamba bei yake ya mwanzo huenda imeshaondoka mezani.

Kule kutoa kitu ndiko wanasheria wetu wengine huita badali. Si lazima badali ilingane na thamani ya unachopata. Mwaka 1959 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ilihesabu karatasi za kufungia chokoleti kuwa sehemu ya badali, ingawa kampuni ilizitupa mara tu ilipozipokea. Lakini lazima kitu kiwepo, na kiwe kimetolewa kwa ajili ya ahadi ile. Fadhila uliyomfanyia mtu mwaka jana, akaahidi leo kukulipa kwa shukrani, haihesabiki.

Nia nayo huwaumiza zaidi wanafamilia. Mwaka 1919 Bi Balfour alimdai mumewe, aliyekuwa mtumishi wa serikali Ceylon (Sri Lanka ya leo), pauni 30 kwa mwezi alizomwahidi. Akashindwa, kwa kuwa mapatano ya mume na mke wanaoishi kwa wema hayachukuliwi kuwa mkataba. Mwaka 1970 Bi Merritt alishinda. Mumewe alikuwa ameshahama nyumbani, wakazungumza ndani ya gari, na mke hakushuka mpaka mume akaandika na kusaini karatasi kwamba deni la nyumba likimalizika atamwachia nyumba. Kilichobadilika kati ya kesi hizi mbili ni hali ya ndoa na ule uzito ambao watu walilichukulia jambo lao. Mimi humpa heshima sana Bi Merritt kwa kutoshuka garini.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Je, badali inatakiwa? Ukikataliwa, utathibitisha vipi? Una miaka mingapi ya kudai? Usumbufu wake ni kiasi gani? Ni mambo gani ambayo njia hiyo haiwezi kabisa? Mwisho nitasema inamfaa nani.

Makubaliano ya mdomo

Hufunga. Hili huwashangaza wengi, na kuna watu wamepoteza fedha kwa kuamini kwamba bila karatasi hakuna mkataba.

Mfano mzuri ni kesi ya Wells na Devani, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2019. Mtu alikuwa na fleti zisizouzika Hackney, London. Mwaka 2008 dalali akampigia simu, wakazungumza, dalali akataja ada yake: asilimia 2 pamoja na VAT. Mnunuzi akapatikana, fleti zikauzwa, kisha mwenye mali akasema hakukuwa na mkataba kwa sababu hawakutaja hata ada inalipwa lini. Mahakama ya Juu ikasema mkataba ulikuwepo. Mtu yeyote mwenye akili anaelewa kwamba dalali hulipwa mauzo yakikamilika, kutoka kwenye fedha za mauzo. Ila angalia mkia wa kesi hiyo: sheria ya madalali ya 1979 inataka mteja apewe masharti kwa maandishi, na kwa kuchelewa kufanya hivyo dalali alikatwa theluthi ya ada yake. Mdomo ulimfunga mteja, na ukosefu wa karatasi ukamla dalali.

Badali inatakiwa, bila msamaha. Ahadi tupu ya mdomo ni hewa. Hapa ndipo harambee zetu zinapokwama. Mwaka 1885 ilisikilizwa kesi ya marehemu Hudson, aliyeahidi kwa mdomo kutoa pauni 20,000 za kulipia madeni ya makanisa. Alilipa 12,000, akafariki. Kanisa likadai 8,000 zilizobaki kutoka kwenye mirathi, likaambiwa hapana: hakupewa chochote kwa ahadi ile, alikuwa anatoa zawadi. Kwa hiyo yule anayesimama ukumbini East London na kuahidi pauni 500 za msikiti huku akipigiwa vigelegele anadaiwa na dhamiri yake tu.

Ushahidi ndipo mdomo unapopata taabu. Majaji wa Uingereza, hasa wa mahakama za biashara, wamekuwa wakisema waziwazi kwamba kumbukumbu ya mtu si kitu cha kutegemea sana, na kwamba nyaraka za wakati ule ndizo zinazosema kweli. Mwaka 2017 mshauri wa fedha alidai kwamba tajiri Mike Ashley, wakiwa baa moja London, alimwahidi pauni milioni 15 endapo bei ya hisa za kampuni yake ingefika pauni 8. Bei ilifika. Jaji alikubali kwamba maneno yalisemwa, lakini akaona kwamba pale, kati ya vinywaji na vicheko, hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angechukulia kuwa ni mkataba. Mahali na hali ya mazungumzo ni sehemu ya ushahidi.

Muda wa kudai ni miaka 6, ukihesabiwa tangu mwenzako alipovunja makubaliano, si tangu mlipokubaliana. Usumbufu hakuna. Na mambo ambayo mdomo hauwezi ni machache lakini mazito: kununua au kuuza ardhi na nyumba, na kumdhamini mtu kwa deni lake. La udhamini linatokana na sheria kongwe ya 1677 ambayo bado inafanya kazi. Upangaji usiozidi miaka mitatu, kwa kodi ya soko na mtu akiingia mara moja, unaweza kuundwa kwa mdomo, ndiyo maana aliyepewa chumba kwa maneno tu si mtu asiye na haki.

Mdomo unamfaa nani? Anayefanya jambo dogo na la haraka, linalolipwa papo kwa papo: kukata nyasi, kupika wali wa hitima, kumbeba mtu hadi uwanja wa ndege. Unawafaa pia wanaojuana na wenye mashahidi wengi. Mchezo wa kupokezana fedha, ule ambao wengine huuita upatu au chama, huendeshwa hivyo na mara nyingi hauleti shida. Shida ikija, nia itatazamwa: mwaka 1955 bibi, mjukuu wake na mpangaji wao walishiriki pamoja shindano la gazeti kwa jina la bibi, wakashinda pauni 750, bibi akazikalia. Mahakama ikampa mpangaji theluthi yake, kwa sababu walishiriki kama washirika.

Mkataba wa maandishi

Toa kwanza kichwani picha ya wakili na mihuri. Baruapepe ni maandishi. Ujumbe wa WhatsApp ni maandishi. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kesi ya kampuni ya ujenzi na mbomoaji aliyepewa kazi ya kubomoa klabu ya usiku Norwich, kazi ya takriban pauni 248,000. Mbomoaji aliuliza kwa WhatsApp kama kazi ni yake, akajibiwa ndiyo. Baadaye kampuni ikamletea mkataba mrefu wenye masharti mengine ya malipo. Jaji akasema wamechelewa, mkataba ulishafungwa kwenye simu. Kwa hiyo kidole gumba ambacho tumezoea kukipeleka kila upande, jihadhari nacho.

Badali bado inatakiwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Karatasi, hata iwe na saini kumi, haigeuzi zawadi kuwa deni. Kesi ya familia ya McArdle ya 1951 inauma kuisoma. Mke wa mmoja wa ndugu alitengeneza nyumba ya urithi kwa fedha zake. Kazi ilipokwisha, ndugu watano wakaandika na kusaini kwamba watamlipa pauni 488 kutoka kwenye mirathi. Walipokataa, mahakama ilikuwa upande wao: kazi ilikuwa imeshafanyika kabla ya ahadi, hivyo hakuna alichotoa kwa ajili ya ahadi hiyo. Wangeandikiana wiki moja kabla ya kununua mbao, habari ingekuwa nyingine.

Vivyo hivyo kwa msamaha wa deni. Daktari Foakes alikuwa anadaiwa na Bi Beer pauni 2,090 na shilingi 19. Wakaandikiana alipe kidogo kidogo naye asimdai zaidi. Alilipa zote. Bi Beer akarudi kudai riba, na mwaka 1884 House of Lords ikampa haki, kwa hoja kwamba mtu anayelipa anachodaiwa tayari hajatoa kitu kipya. Zipo kanuni za usawa ambazo wakati mwingine humwokoa aliyetegemea ahadi ya namna hiyo, lakini kwenda mahakamani ukizitegemea hizo peke yake ni kama kuvuka mto kwa gogo.

Kwenye ushahidi, maandishi hayana mpinzani wa karibu. Lakini yana upande wa pili: yanakufunga na usichokisoma. Mwaka 1934 mama mwenye mkahawa Llandudno, Wales, alisaini karatasi ya kununua mashine ya kuuzia sigara, yenye maandishi madogo juu ya karatasi ya kahawia. Mashine ikaharibika, maandishi madogo yalisema muuzaji hawajibiki. Ulisaini? Umefungwa. Sheria za baadaye, hasa ile ya haki za walaji ya 2015, zimepunguza makali kwa mnunuzi wa kawaida kwa kuyafuta masharti ya uonevu. Kanuni yenyewe haijaondoka, na kusema "Kiingereza changu hakikutosha" kwa kawaida hakumwokoi mtu mzima. Mpe mtoto aliyesoma shule za huku akusomee, hata kama atanung'unika.

Muda wa kudai ni miaka 6 ile ile. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya, na hilo ni jambo zuri kwa anayemkopesha ndugu mwenye maneno matamu.

Usumbufu ni mdogo: ukurasa mmoja unatosha. Andika majina kamili, nani anatoa nini, kiasi, tarehe, na itakuwaje mmoja asipotimiza. Mkitaka kujadiliana bila kufungana, andikeni juu kabisa kwamba mazungumzo haya hayafungi mpaka mkataba usainiwe. Waingereza wana kifungu chao maarufu cha maneno kwa ajili hiyo, na mahakama hukiheshimu. Mkiweka kifungu kwamba mabadiliko yote yawe kwa maandishi, nacho kina nguvu: Mahakama ya Juu iliamua hivyo 2018, baada ya mpangaji wa ofisi kudai kwamba ratiba ya malipo ilibadilishwa kwa simu.

Maandishi yenye saini yanatosha kwa udhamini wa deni, na hata mfululizo wa baruapepe umewahi kukubaliwa, Mahakama ya Rufaa, mwaka 2012. Ukimwandikia mwenye nyumba "asipolipa kaka, nitalipa mimi" na jina lako chini, usidhani umeandika salamu. Kwa mauzo ya ardhi sheria ya 1989 inataka zaidi: masharti yote yawe kwenye waraka, na pande zote mbili zisaini. Kisha umiliki wenyewe hauhami mpaka ifike hati rasmi.

Inamfaa nani? Karibu kila mwenye kazi au mkopo ambao ukipotea utamnyima usingizi, alimradi kila upande unatoa kitu.

Hati rasmi

Hii ndiyo njia pekee ambayo msemo wetu unakuwa kweli kama ulivyo. Ndani ya hati rasmi ahadi ni deni, basi. Huulizwi ulitoa nini. Ndiyo maana hutumika kwa misamaha ya madeni, kwa ahadi za michango, na kwa mambo ambayo badali yake ina utata kama ya yule mke wa McArdle.

Nguvu hiyo inalipiwa kwa taratibu. Sheria ile ile ya 1989 iliondoa haja ya nta na mhuri kwa mtu binafsi, ikabakiza mambo matatu. Waraka wenyewe uonyeshe kwamba ni hati rasmi. Usainiwe mbele ya shahidi, naye shahidi asaini hapo hapo. Kisha ukabidhiwe, yaani mhusika aonyeshe kwamba sasa amekubali umfunge. Si lazima uende mkononi mwa mtu. Kampuni ina utaratibu wake: wakurugenzi wawili, au mkurugenzi na katibu, au mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi.

Shahidi ndiye anayewakwamisha watu. Asiwe mhusika wa waraka ule. Sheria haikatazi mke au ndugu, lakini mtu wa nje ni bora, maana mkigombana ndugu atakuwa ameshachagua upande. Na lazima awepo kimwili: Tume ya Sheria ilieleza mwaka 2019 kwamba saini ya kielektroniki inakubalika, lakini shahidi wa kwenye simu ya video hatoshi. Niliwahi kuitwa jikoni kwa mtu niwe shahidi, nikakuta ameshasaini asubuhi "ili nisikucheleweshe". Ilibidi tuchapishe nakala nyingine na kuanza upya, chai ikapoa.

Ushahidi ni wa hali ya juu, kwa kuwa kuna mtu wa tatu aliyeona. Muda wa kudai ni miaka 12, mara mbili ya njia zile nyingine. Anayedai hulifurahia hilo. Anayeahidi atafakari, kwa sababu mwaka wa kumi na moja bado unaweza kugongewa mlango. Sheria haitaki wakili kuandika hati hii, ila makosa ya taratibu huweza kuinyima nguvu, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa cha fedha ada ya wakili si fedha ya kuonea uchungu.

Baadhi ya mambo hayana njia nyingine. Kuhamisha umiliki wa nyumba au ardhi ni lazima hati rasmi. Hati ya uwakala, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kukusimamia mambo yako, nayo ni lazima iwe hati rasmi chini ya sheria ya 1971.

Inamfaa anayeahidi bila kupokea kitu na anataka kweli afungwe, anayepokea ahadi ya namna hiyo, na wenye makubaliano ya miaka mingi. Kwa fundi wa jiko ni mzigo usio na sababu.

Ukiwa katika hali hii

Unamkopesha shemeji au rafiki: andikianeni kabla fedha haijatoka. Mkopo una badali ndani yake, hivyo hati rasmi si lazima. Kinachokosekana kwenye mikopo ya ndugu ni ushahidi kwamba ilikuwa mkopo na haikuwa msaada, kwa hiyo neno "mkopo" na tarehe ya kurudisha viwepo, hata kwa WhatsApp, na uhamisho wa benki uandikwe hivyo hivyo. Ikiwa ni wifi au shemeji mtu mzima kwako, mwombe mtu wa makamo awaandikie; haitaonekana humwamini. Deni lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako watu wengi hujisimamia wenyewe.

Unampa fundi kazi: maandishi mafupi, bei na hatua za malipo. Usimwambie "anza tu, mkataba utafuata". Kampuni kubwa zimefikishana Mahakama ya Juu kwa sababu ya kauli hiyo.

Unaishi kwenye chumba ulichopewa kwa maneno: tayari una makubaliano. Tuma ujumbe leo ukitaja kodi na tarehe uliyoingia, umwombe mwenye nyumba athibitishe.

Unasamehe sehemu ya deni, au unasamehewa: hati rasmi. Kama haiwezekani, aliyesamehewa atoe kitu kipya, chochote, hata kulipa mapema kuliko tarehe iliyopangwa, na liandikwe.

Kamati ya msikiti, kanisa au chama cha mji wenu imeahidiwa mchango mkubwa, na mnataka kuweka amana ya jengo kwa kuutegemea: msiweke amana kabla ahadi haijawa hati rasmi. Kwa pauni 50 za kila mtu, daftari na imani vinatosha.

Mume na mke wanagawana mambo: wakiwa pamoja, maneno yao ni maneno ya nyumbani. Wakitengana, yaandikwe na kusainiwa, na kwa nyumba au watoto waende kwa mwanasheria wa familia, kwani mahakama ina mamlaka yake juu ya mapatano hayo.

Biashara yako iko Mombasa au Dar es Salaam, na mkataba wa meli au bima una kifungu kinachochagua sheria ya Uingereza: haya yote yanakuhusu ukiwa huko huko. Chunga baruapepe za mawakala wako zaidi kuliko mkataba wenyewe. Mkataba umesomwa na wakili, baruapepe hazijasomwa na mtu.

Uko mji wa Reading, Uingereza, na unataka kaka akuuzie kiwanja Tanga au Kisumu: hati ya uwakala, na ofisi ya ardhi itakayoipokea ndiyo itakayosema inataka mthibitishaji gani na mihuri gani ya ubalozi. Mwambie kaka aende dirishani akapate orodha kwanza. Wewe huku mtafute shahidi mtu mzima asiye na hisa kwenye kiwanja, na kalamu usiishike mpaka awe ameketi mbele yako.